Kumtoa Lukresia kwenye Wimbo

Shamimu aliniambia nikae katikati ya kiti cha nyuma, maana bajaji yake ilikuwa inalalia upande mmoja. Ni mama wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Tunduru, kajifunga hijabu ya zambarau, na pombe hajawahi kuionja. Lakini mwenye nyumba ya wageni aliniapia kwamba hakuna anayejua kumzidi yeye wapi pana muziki Songea ikifika Jumamosi jioni.

"Nataka muziki wa zamani," nikamwambia.

"Zamani ya lini, mzee?"

"Ya wakati nina nywele."

Akacheka, akawasha injini.

Sikuwa nimekuja kustarehe. Nina miaka sitini na nane, arobaini kati ya hiyo nimeimalizia Tanga, na nilikuwa nimerudi kwa jambo moja tu: kumtoa mwanamke kwenye wimbo. Niliutunga mwenyewe mwaka themanini na tatu, nikiwa mwimbaji wa Luhira Jazz. Lukresia alikuwa mchumba wangu, akaniacha akaolewa na mnunuzi wa kahawa wa Mbinga. Nami, kwa hasira za ujana, nikamtaja jukwaani kwa jina lake la ubatizo: "Lukresia wee, umepima penzi kwa kilo za kahawa." Ukumbi mzima ukaitikia.

Bendi yetu ilikuwa na desturi. Ukitajwa kwa ubaya kwenye wimbo, Jumamosi inayofuata unaleta jogoo jukwaani, watu wanacheka, jina lako linatolewa na kuwekwa la kubuni. Mwalimu mmoja alileta. Karani wa ushirika alileta wawili, maana alitajwa mara mbili. Lukresia hakuleta. Nilimsubiri miezi minne, kila Jumamosi nikimwimba kwa nguvu zaidi, mpaka watoto wakawa wanamwimbia sokoni. Mimi nilidhani ni kiburi. Haikunijia hata siku moja kwamba pengine alikuwa anajifungia ndani analia.

Ukumbi wetu ulikuwa Lizaboni. Shamimu alisimama pale nilipomwelekeza, nikakuta duka la mabati na misumari, na jirani yake baa yenye spika ndefu kunizidi. Singeli ilikuwa inakimbia kama mtu aliyeiba kuku. Na pale pale ndipo tulipokuwa tunacheza polepole, mtu na mtu wake, sakafu imenyunyiziwa maji ili vumbi lisiharibu viatu vya akina dada. Roho iliniuma, sikatai. Nikamwomba DJ aweke dansi japo moja ya bendi yetu. Akauliza kama ipo YouTube. Nilipomwambia hatukuwahi kurekodi, alinitazama kwa huruma kama nimefiwa.

"Basi imba mwenyewe, mzee," Shamimu alisema tulipotoka. "Mimi nitakwambia kama wimbo wako bado upo."

Nikamwimbia ule wa Lukresia kidogo, kwa aibu. Sauti yenyewe imebaki nusu. Sikufika hata mwisho wa kiitikio.

"Kumbe huo! Wallahi naujua. Akina mama wanauimba wakimuaga bibi harusi."

"Haiwezekani. Ule ni wimbo wa kumsema mtu vibaya."

"Vibaya wapi? Twende Mfaranyaki, leo kuna binti anaagwa. Na anayeuongoza ni huyo huyo Lukresia. Nimeshawabeba sana wale na ngoma zao."

Mimi nilikuwa nimepanga kuanza kwa kuulizia kama yu hai. Nilitaka kumwambia anirudishe nikalale. Badala yake nikamwomba tupitie kwanza kwa muuza kuku. Kama Lukresia hakuleta jogoo, basi ningempelekea mimi.

Tuliwasikia kabla hatujateremka. Mdundo ulikuwa wangu, ila umepunguzwa mwendo na kupewa ngoma na makofi. Maneno hayakuwa yangu. "Lukresia wee, umepima penzi, limezidi kilo za kahawa." Mwenye kipaza sauti alikuwa mama mfupi, nywele nyeupe, kitenge cha sare. Nilimjua kwa mabega tu. Aliponiona mlangoni na jogoo kwapani, alinyamaza katikati ya mstari. Wenzake wakaendelea, naye akaja.

"Rupert."

"Nimekuja kukutoa kwenye wimbo," nikasema. "Nisamehe, Lukresia. Nilikukosea."

Akampokea jogoo, akamshika miguu, akawa kama anampima uzito.

"Mwaka mzima sikukanyaga sokoni," alisema. "Kanisani nilikaa benchi la mwisho, nikatoka kabla ya baraka. Marehemu mume wangu ndiye aliyeanza kuuimba nyumbani, anageuza maneno kunichokoza, mpaka siku moja nikacheka. Mabinti zangu watatu wameagwa nao. Mji mzima wanaagwa nao. Sasa unitoe, niende wapi?"

"Kwa hiyo hunisamehe?"

"Nilishakusamehe kitambo. Wimbo ndio sikurudishii."

Bibi harusi alikuwa amesogea, anashangaa jogoo. "Bibi, huyu babu ni nani?"

Shamimu akafungua mdomo. Nilimwona anavyotaka kusema, kwa fahari kabisa, kwamba mtunzi ndiye huyu hapa. Lukresia alinitazama, akaniachia mimi nijibu. Miaka arobaini nilikuwa naogopa kwamba watu bado wanamkumbuka mwanamke kwa ubaya wangu. Na kweli wanamkumbuka. Asiyekumbukwa ni mimi, na iliniuma kuliko nilivyotarajia, halafu ikanipumzisha.

"Mgeni," nikasema. "Napenda muziki."

Lukresia alinishika mkono akanipeleka kwenye safu ya waitikiaji, kisha akarudi kwenye kipaza sauti chake. Nilikosea maneno mara mbili. Yule binti akaniinamia sikioni, akanifundisha taratibu, neno kwa neno, mpaka nikaujua.