Tajiri Taizoon Aenda Kutazama Kifo Chake

Jumapili alasiri Devota aliacha maandazi yake ya kuuza chini ya kawa mtaani Mabawa, akajifunga kitenge cha kanisani, akapanda bajaji hadi Raskazone kutazama ile filamu. Ilisifiwa hadi ughaibuni: mauaji ya tajiri mmoja wa Tanga enzi za mkoloni, siri yafichuliwa hatimaye. Babu yake, Tadeo, ndiye aliyekuwa mpishi wa tajiri huyo, akahukumiwa kwa kumtilia sumu, akafia gerezani. Tangu hapo hakuna harusi wala msiba uliowapa watu wa ukoo wake mwiko wa kupikia washike. Devota alikuja kuona babu akisafishwa jina.

Mlangoni mwa ukumbi alikuwapo Tajiri Taizoon, marehemu mwenyewe, akikung'uta mchanga wa kaburini kwenye kanzu. Mkata tiketi alimwambia wazee huingia bure. Akaja kuketi kando ya Devota.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakufa?"

"Bado."

Filamu ilipendeza macho, nani akatae. Magari ya kale, taa za kandili, mvua. Kisha ikaja meza ndefu, kila mtu na sahani yake, na mpishi akinyunyiza unga mweupe kwenye sahani ya tajiri. Kumbe ni uongo ule ule, umepakwa rangi tu.

Taizoon akasonya. "Sahani? Kwetu tulizunguka sinia moja, tukaonja chumvi kwanza, tukala sote. Tadeo angetia sumu, tungezikwa nyumba nzima."

"Sasa nani, babu? Mimi ni mjukuu wa Tadeo."

"Nilichokunywa peke yangu ni dawa ya kifua tu. Aliyeninywesha ni mdogo wangu, Shabbar."

Kikulacho ki nguoni mwako. Devota akatupa jicho safu ya mbele, alikoketi Tahiri, mjukuu wa Shabbar, aliyewahadithia watengenezaji kisa chote na kuwapa nyumba ya kupigia filamu bila kodi. Ukarimu gani huo? Harufu ya kafuri ya maziko ilijaa ukumbini, watu wakageuka kumsalimu mzee, lakini Tahiri alikaza shingo. Devota akaishuku hata shingo yenyewe.

Taa zikawashwa. Watu wakasimama wakipiga makofi.

"Sema, babu. Wewe watakuamini."

"Yule ni damu yangu. Nikisema, nani atamwoa binti yake Nida?"

"Na sisi, je?"

Tahiri alikuja, akambusu mzee mkono, akauliza kama filamu imempendeza.

"Wameitengeneza vizuri," alisema Taizoon.

Tahiri na watu wake wakamketisha mzee kiti cha mbele garini, maana nyumbani walikuwa wakingojewa kwa chakula. Devota alisimama kando ya barabara. Gari lilipompita, mzee aliteremsha kioo.

"Biriani ya babu yako," alimwambia kwa sauti ya chini, "sijaonja tena mfano wake."

Kisha akapandisha kioo.