Ripoti ya Sita

Hilda Matonya alikuwa na mahali pake darasani na hakuna aliyejaribu kumwondoa: benchi la pili kutoka mbele, upande wa dirishani, Yudith akiwa kushoto kwake. Wenzake walidhani ni mapenzi ya masomo. Masomo aliyapenda kweli, ila benchi lile alilichagua kwa sababu nyingine. Pale aliiona vizuri midomo ya mwalimu, na sikio lake la kushoto, ambalo bado lilikuwa linaambulia kidogo, lilielekea kwa Yudith.

Sikio la kulia lilikufa akiwa kidato cha tatu, baada ya homa iliyomlaza wiki tatu. La kushoto likabaki, halafu nalo likaanza kupungua, kidogo kila mwaka. Alipofika chuoni Dodoma kusomea ualimu wa shule za msingi, alikuwa hasikii tena mluzi, wala ndege, wala maji yanayochuruzika bombani. Sauti nzito za wanaume zilimfikia zikiwa hazina maneno. Za wanawake alizisoma midomoni.

Hakumwambia mtu. Huko sekondari mwalimu mmoja alimuuliza swali mara tatu, na alipojibu kitu kingine kabisa, akasema mbele ya darasa, "Wewe na ualimu ni wapi na wapi? Mtoto akikuuliza utamjibu nini?" Darasa likacheka, na Hilda akacheka pamoja nao. Tangu hapo akashika njia ya kuficha. Ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lao. Kila asubuhi aliipita akiongeza mwendo. Mama yake alipompigia simu Jumapili kutoka Handali, Hilda aliongea mfululizo, hali ya hewa, mitihani, chakula, ili asilazimike kusikiliza. Mama akawa anawaambia majirani kwamba siku hizi mtoto wake anaongea kama redio.

Aliyejua ni Yudith peke yake. Walipanga chumba kimoja Chang'ombe, nyuma ya duka la vifaa vya shule, na huwezi kulala chumba kimoja na mtu miezi saba usijue kwamba saa yake ya kumwamsha inalia hadi inanyamaza yenyewe. Yudith alitoka Sumbawanga. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwepesi wa kusaidia, na alisaidia bila kuuliza. Alimgusa mguu chini ya meza mwalimu alipomwita jina. Daftari lake aliliacha wazi.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka muhula wa pili, walipopangiwa Utangulizi wa Muziki, kozi ya lazima kwa wote.

Mwalimu alikuwa Dokta Tadeo, mtu wa Busi kule Kondoa, mwembamba na mpole, mwenye masharubu mazito yaliyofunika mdomo wote wa juu. Alifundisha akitembea. Alifundisha akiwa ameuelekea ubao, akiwa amefumba macho, akiwa nyuma ya darasa kabisa. Siku ya kwanza Hilda hakupata hata sentensi moja. Alichosoma ubaoni kilimtosha: kila wiki watapigiwa muziki mara tatu, kisha kila mmoja ataandika ripoti ya kurasa mbili. Nani anapiga? Anapiga nini? Kunatokea nini mwanzoni, katikati na mwishoni? Alama za ripoti hizo zilijumlishwa kuwa nusu ya matokeo ya kozi nzima.

Jioni ile Hilda alikaa kitandani, karatasi ya kozi mapajani.

"Hii siwezi," alisema.

"Nitaandika ninachosikia," Yudith akamjibu, akimtazama usoni ili amwone. "Wewe utaandika kwa maneno yako. Wiki kumi tu."

Ikawa hivyo. Yudith aliandika maneno mafupi mafupi: gitaa mbili, taratibu, mwanamke anaanza, kwaya inajibu. Hilda aliyachukua akayafanya kurasa mbili ambazo mtu akizisoma alijiona amekaa ndani ya ule wimbo. Hapo ndipo shida ilipokua. Ripoti yake ya tatu Dokta Tadeo aliisoma darasani kwa sauti. Hilda hakusikia hata neno. Aliona tu watu wamegeuka kumtazama, na mwalimu ameweka mkono kifuani. Baada ya kipindi wenzake walimwomba awafundishe kusikiliza. Alitabasamu. Usiku huo wala uliofuata hakuonja usingizi wa maana. Kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyokosa pa kutokea.

Wiki ya sita Dokta Tadeo alikuja na spika kubwa, akaiweka sakafuni karibu na mabenchi ya mbele. Alisema kitu kirefu, na Yudith akaandika pembeni ya daftari: *Hasemi ni muziki wa wapi. Anataka tukisie wenyewe.*

Spika ilipowashwa, Hilda alikuwa ameegemeza viwiko mezani. Mtikisiko ulipanda mikononi, ukaingia mabegani. Mapigo yalikimbilia mbele, yakakatika pamoja, likabaki moja peke yake, halafu yakarudi yote kwa pamoja. Akakaa wima. Aliijua ile. Ilikuwa muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, na mama yake mwenyewe aliipiga kwenye sherehe tangu Hilda akiwa anabebwa mgongoni, ngoma imebanwa kati ya mapaja, viganja vikipanda na kushuka. Alichukua penseli akaandika kwenye ukingo wa ukurasa wake: *Kina mama. Muheme?*

Halafu akatazama daftari la Yudith. *Wanaume kama kumi. Sauti nzito. Ngoma kubwa, wanapiga kwa fimbo. Kayamba.*

Hilda aliyasoma yale maneno mara mbili. Yudith ana masikio mawili mazima. Yeye ana nini? Viwiko. Akachukua kifutio akafuta alichoandika, na jioni akaandika kurasa mbili nzuri kuhusu wanaume kumi wenye fimbo.

Jumatatu iliyofuata waliitwa wote wawili ofisini.

Dokta Tadeo alikuwa ameziweka ripoti mbili mezani, moja kando ya nyingine. Mistari mitatu ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu katika kila moja. Aliinama kwenye droo akitafuta kitu, akasema neno humo humo.

Hilda akasubiri. Yudith akajibu, "Anatoka Handali, Dokta."

Dokta Tadeo akainua kichwa. "Nimemuuliza yeye."

"Handali," Hilda akasema.

Mwalimu akaendelea kuongea. Masharubu yalitikisika. Hilda aliona *muheme*, akaona *fimbo*, akaona kitu ambacho kingeweza kuwa *mama* au *namna*. Yudith alikuwa amekunja mikono kwa nguvu. Ndipo mwalimu alipoweka kidole kwenye ripoti ya kwanza, kisha ya pili, na hapo hata asiyesikia angeelewa. Wanaume, fimbo, kayamba. Makosa matatu yale yale, kwa watu wawili, na mmoja wao ni binti wa Kigogo ambaye hakupaswa kukosea hata moja. Kayamba yenyewe haikuwapo. Zilikuwa njuga miguuni mwa wapigaji.

Mwalimu aliuliza swali, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hilda alijua ni swali gani. Akisema amenakili, ataulizwa kwa nini, na la kwa nini lilikuwa na jibu moja tu.

Yudith akafungua kinywa. Midomo yake ilikuwa rahisi kusoma siku zote.

"Ni mimi, Dokta. Mimi ndiye niliyenakili kwake."

Nje, kwenye ngazi, Yudith alishuka haraka hadi chini kabisa ndipo akasimama na kugeuka.

"Alhamisi nakwenda kwenye kamati ya nidhamu," alisema. "Umeelewa, au niandike?"

"Nimeelewa. Kwa nini umesema hivyo?"

"Alikuwa ameshakuuliza maswali mawili: la kwanza nilikujibia, la pili ukabaki unamtazama. La tatu angejua." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sikufanya kwa wema, Hilda. Niliogopa. Na nimechoka. Siwezi kusikiliza wimbo nikaufurahia, nasikiliza kwa ajili ya watu wawili. Ile ngoma hata sikuisikiliza sawasawa, nilikuwa nakimbizana na kalamu."

"Utasema ukweli Alhamisi?"

"Sitasema. Ukisema, utasema mwenyewe."

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Chumbani walipishana kama wapangaji wasiojuana. Yudith alipika, akaweka sahani ya Hilda mezani, akala amempa mgongo, na mgongo kwa Hilda ni ukuta. Akipiga hesabu ya kunyamaza, Yudith ataadhibiwa na yeye atabaki bingwa wa kusikiliza, bado ripoti nne, bila mtu wa kumwandikia. Akifikiria kusema, alimwona yule mwalimu wa sekondari na darasa zima linacheka. Jumanne aliandika barua ya kuacha chuo. Aliisoma, akaona hata hiyo haimwokoi Yudith. Akaichana.

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya mlango wa Dokta Tadeo. Aligonga. Kama alijibiwa karibu au subiri, hakuwa na namna ya kujua, na kwa mara ya kwanza hakutafuta namna. Alifungua akaingia.

Mwalimu alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha juu ya gazeti. Alishangaa, akafunika chakula.

"Shikamoo, Dokta. Yudith hakunakili kwangu. Mimi ndiye niliyenakili, ripoti zote sita. Mimi sisikii."

Dokta Tadeo aligeukia dirishani akasema kitu.

"Naomba unigeukie," Hilda akasema. "Nikikuona usoni napata kidogo. Masharubu yako yananinyima mengi, samahani."

Aligeuka. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaongea polepole, na bado alilazimika kurudia.

"Ripoti ya tatu. Niliisoma darasani. Nilimsomea na mke wangu."

"Maneno yalikuwa yangu."

"Lakini hukuusikia wimbo."

"Sikuusikia."

Hakumpa pole, wala hakumgombeza. Alikuwa na uso wa mtu aliyedanganywa na ambaye hajapata pa kuiweka hasira yake. Alichukua kalamu ili wasipoteze muda, akaandika kwenye kipande cha gazeti: *Muheme je? Hukuhisi hata kidogo?*

Hilda alifungua begi, akatoa daftari, akamwonyesha ukingo wa ukurasa. Penseli ilikuwa imefutwa, lakini ukiuinua ukurasa kwenye mwanga maneno yalionekana. Dokta Tadeo aliuinua.

"Ukafuta," alisema.

"Niliwaza, mimi nani wa kubishana na mwenye masikio?"

Aliliweka lile daftari mezani. Kisha akaandika tena: *Kesho njoo kwenye kamati uyaseme haya mwenyewe. Siwezi kukusemea.*

Aliyasema. Watu watano walikaa kwenye meza ndefu, watatu kati yao hawakuwahi kukumbuka kumgeukia, na alilazimika kuomba kila mara: samahani, rudia, samahani, nitazame. Kila ombi lilimvua nguo moja. Uamuzi ulitolewa mchana uleule, kwa maandishi, na yeye aliona ni afadhali kuwa kwa maandishi. Ripoti zake sita zilifutwa na kozi atairudia mwakani, kwa utaratibu ambao Dokta Tadeo ataupanga. Yudith alipewa onyo la barua kwa kusema uongo ofisini. Na kabla ya wiki kuisha, Hilda alete cheti cha kipimo cha masikio, la sivyo ofisi ya mahitaji maalumu kule chini haitaweza kumwandikisha.

Yudith aliisoma barua yake ya onyo, akaikunja mara nne. "Mwezi ujao nitahamia kwa shangazi yangu Kizota," alisema. Hakusema kwa ukali. "Si kwa sababu hiyo tu. Nataka nikae peke yangu kidogo."

"Sawa," Hilda akasema. Aliona si sawa, ila hakuwa na haki ya kumzuia.

Ijumaa akaenda hospitali. Kipimo kilifanywa ndani ya kichumba kidogo chenye kuta nene za sponji na dirisha la kioo. Alivikwa vifaa vya masikioni, akapewa kitufe: ukisikia, bonyeza. Ng'ambo ya kioo mtaalamu alikaa na mashine yake, na Hilda, kwa mazoea ya miaka mingi, akagundua mara moja kwamba kila sauti ilipotumwa, bega la yule mtaalamu liliinuka kidogo. Bega likainuka, kidole chake kikabonyeza. Likainuka tena, akabonyeza tena. Mtaalamu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika.

Hilda akasimamisha mkono. Angetoka pale na cheti cha mtu mwenye masikio mazima, na Jumatatu angeanza upya yale yale.

Aligonga kioo. "Tuanze tena," alisema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Mara ya pili alifumba macho. Giza lilikuwa tupu na refu. Alisubiri. Alisubiri zaidi. Mara chache sana, kwa mbali chini kabisa, kitu kikavuma, naye akabonyeza. Muda mwingi hakukuwa na chochote, na kidole kilikaa juu ya kitufe bila kazi, na machozi yalipoanza kushuka aliyaacha.

Aliambiwa asubiri majibu kwenye benchi la nje pamoja na wengine. Mlango wa ofisi ulikuwa nusu wazi. Muuguzi aliita majina akiwa humo ndani, bila kutokea, na watu waliinuka mmoja mmoja. Hilda aliwatazama wanavyoinuka. Pembeni yake alikaa mwanamke wa makamo, kitenge mabegani, bahasha ya hospitali mapajani. Hilda alimgusa mkono.

"Shikamoo mama. Samahani, mimi ni kiziwi. Wakiita Hilda Matonya, naomba uniguse."

Yule mama alimtazama usoni, akasema kitu. Hilda akatikisa kichwa kwamba hajapata. Mama akasogea, akarudia polepole, akiufungua mdomo vizuri.

"Hilda nani?"

"Matonya."

"Haya, mwanangu," mama akasema, na akakaa akiutazama mlango.