Fouaro Kuna Watu Wangapi?

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Nesta Maelaua alikuwa mezani pake katika Ofisi ya Maswali, ghorofa ya kwanza ya jengo la Bunge, akikata maneno kwa penseli nyekundu. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Mbunge akitaka kumbana waziri kwa maandishi humletea Nesta swali lake, na Nesta hulipunguza mpaka likubaliane na Kanuni: swali lisihubiri, lisilalamike, lisieleze jambo kana kwamba limekwisha kuthibitishwa. Likitoka mikononi mwake huwa limekonda, lakini ni safi. Waziri ana siku ishirini na moja za kulijibu. Jibu huchapwa kwenye Karatasi ya Maswali na kugawiwa wabunge saa tatu na nusu asubuhi, Spika anapoingia.

Swali la siku hiyo lilikuwa la Selwyn Ofanakwai, mbunge kijana wa upinzani mwenye meno mekundu kwa kutafuna popoo. Aliandika: Kwa kuwa watu arobaini na watatu wa kisiwa cha Fouaro wanakunywa maji ya chumvi tangu tangi lao lilipopasuka mwezi wa tatu, Waziri atawapelekea tangi jipya lini?

Nesta alijua kwamba kila neno la swali hilo ni kweli. Mmoja wa wale arobaini na watatu alikuwa mama yake mzazi, Hilda. Kwa sababu hiyo hasa aliongeza ukali. Hakutaka mtu aseme kwamba binti wa Fouaro anawabeba watu wa kwao. Akakata "kwa kuwa", akakata arobaini na watatu, akakata chumvi na kupasuka, na kilichobaki akakipa namba 212:

(a) Kisiwa cha Fouaro kina watu wangapi?
(b) Watapelekewa tangi la maji lini?

"Shangazi," alisema Ofanakwai alipokuja kutia saini, "hili umelinyonyoa kama kuku wa Krismasi."

"Ulitaja idadi kama vile Waziri kaikubali. Kanuni hairuhusu. Mwulize yeye, aitaje mwenyewe."

"Anaijua! Wakati wa kampeni si alikwenda pale akala samaki wao, akachukua na wa kubeba?"

"Basi hatachelewa kujibu."

Mbunge akacheka, akatia saini, akaenda zake.

Ofisini ilijulikana kwamba majibu yakishachapwa huwa kweli. Haikuandikwa kwenye Kanuni, lakini makarani wote waliijua, kama walivyojua kwamba mashine ya kuchapia hukwama wakati wa mvua. Miaka minne nyuma waziri mmoja alijibu kwamba zahanati ya upande wa kusini ina wauguzi wawili. Asubuhi ya kuchapwa kwa jibu, wauguzi wawili walikutwa wamekaa kwenye benchi la zahanati, sare zimepigwa pasi, hawana majina na hawajui kufunga kidonda. Wapo mpaka leo. Waziri mwingine alijibu kwamba hakuna mtu yeyote aliyejeruhiwa na mamba katika mto fulani. Mzee mmoja wa huko aliyekuwa na mguu mmoja aliendelea kuwa na mguu mmoja, ila hakuweza tena kueleza wa pili ulikwenda wapi, na watoto wake wakaacha kumwuliza.

Majibu mengi hayakuwa na madhara. Mengi yalisema suala linashughulikiwa, na kwa kweli kuna chumba katika kila wizara ambamo masuala hayo hushughulikiwa bila kukoma.

Jibu la swali namba 212 lilifika siku ya kumi na tano, Jumatano, ndani ya bahasha ya kahawia. Nesta alilifungua akiwa amesimama.

(a) Hakuna.
(b) Tazama jibu la (a).

Aliketi.  Alilisoma tena ili kuona kama yapo maneno mengine nyuma ya karatasi. Nyuma palikuwa na mhuri.

Akapiga simu wizarani. Afisa aliyepokea alikuwa na sauti ya upole.

"Dada, sisi tumepekua orodha ya ardhi yote ya nchi. Fouaro haimo. Pale ni mawe tu yamepangwa baharini."

"Yamepangwa na watu," alisema Nesta. "Babu zangu waliyavusha kwa chelezo, jiwe moja moja. Kila mwanamke anayeolewa pale anaongeza jiwe lake. Mama yangu aliweka la kwake karibu na ngazi."

"Nakuelewa, dada. Lakini orodha ni ya ardhi. Sasa pasipo na ardhi, watu tuwaandike wapi?"

"Mwambie Waziri asahihishe."

"Waziri yuko safari. Anarudi Jumatatu."

Karatasi ya Maswali ilikuwa ya kutoka Ijumaa.

Akaenda kwa Lemuel Sautehi, mkuu wa ofisi, aliyekuwa akichanganya chokaa na tambuu kwenye kifuniko cha kopo. Lemuel alisoma swali, kisha jibu, kisha akalitazama lile swali la awali lililojaa mistari myekundu.

"Ungeacha ile idadi ya Mheshimiwa, dada Nesta, Waziri asingeweza kuandika hivi," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Tungeandikiana barua kuhusu Kanuni, basi."

"Tulizuie."

"Jibu likishapokelewa linachapwa. Nakala imekwisha kwenda kwa Spika."

"Mheshimiwa akiliondoa swali?"

"Lililojibiwa haliondolewi. Wala halirudiwi kuulizwa mkutano huohuo. Hayo wewe ndiye uliyenifundisha."

Nesta alirudi mezani, akalisoma jibu mara ya tatu. Kisha akapata wazo. Jibu lilisema Fouaro hakuna mtu. Ijumaa saa tatu na nusu Fouaro pakiwa kweli hakuna mtu, jibu lingepita juu ya mawe matupu kama mvua, lisiwe na wa kumchukua.

Akampigia mama yake.

"Mama, kabla ya Ijumaa asubuhi wote mtoke. Vukeni mwende pwani kanisani. Watoto, wagonjwa, kila mtu. Wameandika kwamba hakuna watu hapo."

"Nani kaandika?"

"Waziri."

"Yule aliyemaliza samaki wangu?" Hilda aliguna. Alijua habari za wauguzi. Shemeji yake alikuwa ameuguzwa nao. "Haya. Nitawaambia. Na wewe unakula? Sauti yako ya njaa."

Alhamisi mitumbwi ilivuka tangu alfajiri mpaka jua kutua. Walipeleka mikeka, vyungu, nguruwe saba na mzee mmoja kipofu aliyetaka kuelezwa kila jiwe walilolipita. Hakuna aliyelia sana. Mchungaji aliwapokea akawahesabu mlangoni, na Ijumaa saa moja na nusu asubuhi akampigia Nesta.

"Arobaini na wawili," alisema.

Nesta akapiga namba ya mama yake. Simu iliita muda mrefu.

"Niko jikoni," alisema Hilda. "Nimekoka moto."

"Mama, uko Fouaro?"

"Sasa niwe wapi?"

"Si ulisema unatoka?"

"Nilisema nitawaambia, na nimewaambia. Wamekwenda wote, hata yule mvivu mtoto wa dada yangu."

"Mama, nakuomba. Mtumbwi upo? Panda sasa hivi, kuna saa mbili nzima."

"Nesta, nisikilize, mwanangu. Tukiondoka wote, yule bwana atakuwa amesema kweli. Unaona? Tutakuwa tumemsaidia. Mimi nataka awe amesema uongo. Mtu mmoja anatosha."

"Hakuna atakayekuona! Hata ukimfanya mwongo, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na wewe si utajua?"

Nesta alimbembeleza mama yake kwa saa mbili hizo. Alimpigia kelele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alimweleza kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyeikata ile idadi kwa mkono wake, ili asionekane anapendelea. Hilda alimjibu kwamba hata alipokuwa mtoto alikuwa hivyohivyo, akigawa chakula anajipa kipande kidogo ili asisemwe, kisha anashinda na njaa. Kisha akaanza kumweleza anachopika. Alikuwa amemenya muhogo, anaukuna, na nazi ilikuwa moja tu lakini ina tui zito.

Kengele ililia. Ukumbini wabunge walisimama, Spika akaingia, wahudumu wakagawa karatasi zenye joto la mashine.

"Kwa hiyo nikishauchanganya nautia kwenye majani, halafu na..." alisema Hilda.

Simu haikukatika. Nesta alisikia moto ukitatarika. Alisikia jogoo, na maji yakipiga mawe. Aliita mama, mama, mpaka Lemuel akaja akafunga mlango taratibu. Baada ya kitambo alisikia kitu kinakwaruzwa, mfululizo, kama muhogo unavyokunwa. Kisha simu ikakatwa kutoka upande ule, kama mtu anavyoikata akiwa na mikono yenye unga.

Jumamosi alisafiri kwa boti, kisha kwa mtumbwi, akiwa na dumu la maji matamu. Fouaro ilikuwa mahali pake. Ua lilikuwa limefagiwa, alama za ufagio bado mbichi. Mkate wa muhogo ulikuwa mezani, umefunikwa kwa jani, vipande viwili, kimoja kikubwa. Nesta alikaa akala kile kikubwa kwa sababu alijua angegombezwa. Aliogopa kila mara mlango ulipolia, na aliogopa zaidi ulipoacha. Kabla ya jua kutua aliondoka, kwani katika nchi ile mtu huhesabiwa pale anapolala, na atakayehesabiwa Fouaro hataonekana tena, na wale arobaini na wawili nao walikuwa wamekubaliana kwamba Fouaro ni mahali pa kwenda na kurudi. Aliliacha dumu kwenye ngazi, karibu na jiwe la mama yake.

Jumamosi iliyofuata alilikuta tupu, limeoshwa na kupinduliwa juani, kama Hilda alivyopindua vyombo vyake siku zote.

Basi ikawa hivyo. Watu wa pwani walisema bibi Hilda yupo, wakamwachia samaki, na jioni waliutazama moshi wa jiko lake ukipanda juu ya mawe. Watoto waliupungia mkono. Tangi halikupelekwa, kwa sababu ya jibu la (a).

Mwezi wa tisa ulifunguliwa mkutano mpya wa Bunge, na Ofanakwai akapanda ghorofa ya kwanza na karatasi moja. Alikuwa ameiandika vizuri safari hii, bila mahubiri, bila "kwa kuwa". Hapakuwa na neno la kukata.

(a) Je, kuna moshi unaofuka kila jioni katika kisiwa cha Fouaro?
(b) Kama upo, ni nani anayekoka moto huo?

"Nimejifunza kwako, shangazi," alisema. "Hapo hana pa kutokea. Mkutano ni mpya, swali ni jipya. Nione atajibu nini."

Nesta alijua angejibu nini. Aliliona jibu limekwisha kuchapwa, mistari miwili, na mhuri nyuma. Aliona jioni ya siku hiyo watoto wa pwani wamesimama mkono juu, hawana cha kupungia. Akachukua penseli nyekundu. Akakata moshi. Akakata kila jioni, akakata Fouaro, akakata moto, akaendelea polepole na kwa unadhifu mpaka mstari wa mwisho, kisha akamrudishia karatasi yake.

"Halikubaliki, Mheshimiwa."

"Kwa kanuni gani?"

"Jambo hilo limekwisha kujibiwa."

"Lilijibiwa mkutano uliopita! Sasa ni mpya, wewe unajua kuliko mimi." Ofanakwai alimtazama. Popoo ilikuwa imesimama shavuni mwake. "Shangazi, yule ni mama yako."

"Ndiyo," alisema Nesta.

Mbunge akaikunja karatasi akashuka ngazi. Waziri alipoambiwa kwamba Fouaro hakuna swali tena, alituma ujumbe wa kuisifu Ofisi ya Maswali kwa kazi nzuri, na Lemuel akaubandika ukutani. Nesta alichonga penseli. Ijumaa jioni alinunua dumu la pili, maana joto lilikuwa limezidi na aliona moja halitoshi.