Bei ya Kusikilizwa

Mshauri nasaha alikuwa na tabia moja: kikao kikikaribia kwisha, aliinuka upesi akafungua mlango kabla mteja hajagusa mkoba. "Ya ada tutaongea siku nyingine," alikuwa akisema. Siku hiyo haikufika, na sasa alidaiwa kodi ya chumba ya miezi mitatu. Mwenye nyumba hakuzunguka mbuyu: leo saa sita mchana, pesa au ufunguo.

Asubuhi alipiga magoti kando ya kiti chake. Aliomba pesa, kisha akaona haya, akaomba apewe ulimi wa kudai.

Mteja wa saa tano alikuwa fundi cherehani aliyekuja kujifunza kudai chake. Watu walibeba nguo, wakamwachia ahadi.

"Tuigize," mshauri alisema. "Mimi mteja mkaidi. Nidai."

"Dada, gauni umeshalivaa harusi mbili," fundi alisema bila kupepesa. "Leo nataka changu. Undugu nitaushona bure, gauni hapana."

Walicheka.

"Haya, tubadilishane," fundi akasema. "Wewe fundi, mimi mkaidi."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Koridoni funguo zililia, zikanyamaza mlangoni.

"Dada, nguo yako..." Ulimi ukagoma. Miguu ilishaanza kumwinua kuelekea mlangoni. Akajikalisha kwa nguvu. "Si nguo. Ni ada yangu. Vikao vinane hujanilipa, na leo natolewa chumba hiki."

Fundi alichukua mkoba wake. Mshauri alijua amempoteza.

Taratibu fundi akafungua mkoba, akaweka noti mezani. "Za vikao vitatu. Zilizobaki Ijumaa." Akavuta pumzi. "Kila mara ulinitoa mbio, nikajiona ombaomba. Na anayelishwa sadaka halalamikii chumvi."

"Ulitaka kulalamika?"

"Kikao cha pili. Nilikuwa namtaja marehemu mama, ukafungua mlango. Nililia njia nzima."

Hodi ikapigwa, mara mbili, kwa ngumi. Mshauri alizitazama zile noti. Hazikufikia hata kodi ya mwezi mmoja. Hata hivyo hakuinuka.

"Nipe dakika kumi, baba," alisema kwa sauti kuelekea mlangoni. "Nina mteja."

Kisha akamgeukia fundi.

"Mama alikuwaje?"