Kila Herufi Aliyoichapa Mama

1.

ONYO. KOMPYUTA HII HAINA ULINZI.
Muda wa programu yako ya kuzuia virusi umekwisha. Tafadhali chagua nyingine.

2.

Nichague nini? Dawa za binadamu nazijua. Mimi ni Tumpe Mwaipopo, nimezalisha wanawake wa Tukuyu mpaka nikastaafu. Dawa za mashine ndiyo mara yangu ya kwanza.

Kompyuta nimepewa na mwanangu Lusajo, alipokuja kumaliza msiba wa baba yake. Yeye yuko Mwanza, kazi yake ni hizohizo kompyuta. Aliiandaa mwenyewe, akaniwekea kila kitu, akanifundisha kuandika barua. Nikamwombea baraka.

3.

(Simu. Mama na mwana.)

— Shikamoo mama.

— Marahaba baba. Mashine inadai antivairasi mpya. Edina, fundi wa duka la kompyuta, anasema niweke ya kulipia, inalinda na mtandao.

— Usimsikilize. Yule anafanya biashara. Ile ya bure niliyokuwekea inatosha.

— Si imekwisha muda?

— Basi kaa bila.

— Bila?

— Nikija Pasaka nitaishughulikia mwenyewe. Mama, unanisikia? Mtu mwingine asiiguse.

4.

Wewe unayesoma, umeshashtuka? Mama hakushtuka. Aliona mtoto anayejali.

5.

EDINA, FUNDI, AKIWA AMEPIGA MAGOTI SEBULENI KWA MAMA TUMPE:

Mama, kwanza isiilemee mashine, maana hii yako ni mzee mwenzako, samahani. Ijisasishe yenyewe. Izuie na tovuti za matapeli, siyo virusi tu. Mbili kwa pamoja usiweke, zitapigana. Na usipakue kwenye tangazo linalokurukia kwenye skrini, hilo lenyewe ndilo ugonjwa. Pakua kwa wenyewe. Hii hapa ina mwezi wa majaribio. Ukiridhika nayo, utalipia. Niiweke?

— Mwanangu kakataa.

— Kakataa kwa nini?

(Mama Tumpe anaisukuma kompyuta kumwelekea Edina.)

— Iweke tu. Nina barua humo, sitaki zipotee.

6.

Komba.

Basi niseme. Fidelis Komba, mganga mstaafu wa Songea, mgane. Tulikutana kwenye kundi la wastaafu wa afya. Alianza kwa kuniuliza habari za baridi ya huku. Baadaye tukawa tunaandikiana kila siku, mimi na kidole changu kimoja, natafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Nilimwandikia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Alisema mvua zikipungua atakuja kujitambulisha.

Kisha kimya.

Nikaandika. Kimya. Nikajiambia, Tumpe, umri huu unajidhalilisha nini? Nikaacha.

7.

UKAGUZI UMEKAMILIKA.
Kitisho: kimoja.
Aina: programu ya ujasusi.
Kazi yake: kunakili kila herufi inayochapwa na kuituma kwa mtu mwingine.
Iliwekwa na mtumiaji: LUSAJO.
Hali: inafanya kazi sasa hivi.

ONDOA          RUHUSU          ULIZA BAADAYE

8.

Kila

herufi.

9.

— Mama, kaa chini.

— Nimeshakaa.

— Huyu Lusajo ni nani?

— Nimemzaa.

Edina alijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu.

— Mama, mtu anayeona unachochapa ameliona na neno lako la siri. Anaweza kuingia kwenye barua zako, akaandika kama wewe. Tuangalie?

Tukaangalia. Palikuwa na barua kwenye kapu la zilizofutwa. Imetoka kwangu. Sikuiandika mimi.

*Bwana Komba, usiniandikie tena. Nimepata mtu mwingine. Tumpe.*

Na Komba alikuwa amezuiwa, hata zangu za baadaye hazikumfikia. Barua zake zote zilikuwa zimeangukia pembeni, hazijafunguliwa, moja juu ya nyingine. Edina akazifungua. Ya mwisho nilimwomba anisomee, macho yalikuwa yamegoma.

*Nilifika Tukuyu, Tumpe. Niliuliza kwako, wakanionyesha nyumba yenye geti la bluu. Nilikuona unaanua nguo. Nikakumbuka ulivyoniambia, nikaona haya. Nikageuza.*

10.

Alisimama hapo nje.

Nilikuwa naanua nguo.

Alisimama hapo

11.

LUSAJO:

Mngefanyaje ninyi? Baba hata kaburi lake halijajengewa, mama anachapa usiku na mchana kwa mtu tusiyemjua. Mtandaoni kumejaa matapeli. Mjane, ana nyumba, ana kiinua mgongo. Niliiweka ile programu tangu siku ya kwanza kumlinda, nisikilizeni, kumlinda. Nikasoma nihakikishe. Nilisoma zote. Nikawa nasubiri siku jamaa aombe hela.

Hakuomba hela. Alimuuliza mama kama miguu bado inavimba. Mama akamjibu kurasa mbili. Mimi sikuwa najua kama miguu inavimba. Baba hakuwahi kuandikiwa hata mstari mmoja wa namna ile, na mimi

sikuweza

12.

Wasomaji wengine watasema ni mapenzi ya mtoto. Wengine watasema ni wizi. Mama Tumpe alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kanga, na Edina alikuwa ameshika kipanya, mshale uko juu ya neno ONDOA.

— Niondoe, mama?

— Subiri.

— Lakini bado inatuma. Chochote utakachochapa anakiona.

— Ndiyo. Nipishe.

Akavuta kiti. Akafungua ukurasa mweupe. Kidole kimoja.

*Lusajo mwanangu najua unasoma*

Akasubiri.

*nimezisoma za komba zote*

Simu ikaanza kuita juu ya meza. Jina la mwanawe lilikuwa linawaka kwenye kioo. Edina aliitazama simu, akamtazama mama. Ikakatika. Ikaita tena.

— Hupokei?

Mama Tumpe alikuwa anatafuta herufi ya M. Aliiona.

*Mpendwa Fidelis,*

Simu inaita.

*siku ile nilikuwa naanua nguo, kumbe wewe*