Pingu za Kipimo Kimoja

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yalipigwa pasi kabla ya saa tatu asubuhi, ya wodi ya wazazi yakitangulia. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Bi Mvuke, kwa vile uso wake ulilowa mwaka mzima. Mdogo wake, ambaye wote walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, aliyasuuza mashuka hayo nyuma ya jengo, kwenye matangi manne yasiyo na mifuniko. Maji yake yalikuwa safi. Mbu wa mchana, wale wenye madoa meupe miguuni, hupenda maji safi, na walizaana humo bila kumwogopa mtu.

Mwaka uliotangulia Chiriku aliugua homa ya mbu hao. Macho yalimuuma kwa nyuma, viungo vikamkatika, siku ya saba akapona. Siku ya nane mlinzi akatoka. Alitokea kwenye mlango mdogo chini ya mbavu za kushoto, mtu mfupi mwenye sare ya kaki, akaomba kiti. Chiriku akamgeuzia ndoo, akakaa. Kila aliyewahi kuugua homa ile alikuwa na mlinzi. Bi Mvuke, ambaye hakuwahi kuugua, hakuwa naye, na wakati wa chai wenzake walimtania kwamba anatembea kama nyumba isiyo na kitasa.

Kazi ya mlinzi ni moja. Ameishika sura ya homa aliyoiona, amefua pingu kwa kipimo cha mkono wa homa hiyo, na ikirudi anaifunga na kuipeleka ndani, kwenye chumba ambamo wakubwa zake huila. Miezi ya mwanzo huyu wa Chiriku alikuwa mkali, akimfukuza kila aliyefanana na homa hata kwa kisigino. Baadaye ukali ukapungua, kama wa mlinzi yeyote, akawa anasinzia.

Bi Mvuke alikwenda kwa msimamizi mara tatu kuomba mifuniko.

"Dada yangu," msimamizi alisema mara ya tatu, bila kuinua macho kwenye fomu zake, "watu kumi na mmoja, walinzi tisa. Mifuniko ya nini tena?"

"Homa hii ina ndugu wanne, bosi. Tumbo moja. Kila mlinzi anamjua mmoja tu."

"Si wanafanana?"

"Wanafanana."

"Basi watawatambua."

Akapiga muhuri. Kwenye fomu iliyokwenda makao makuu, idara ya kufulia iliandikwa: imekingwa.

Ndugu wa pili alikuja Jumanne, saa nne asubuhi, mbu akamteremsha kwenye kifundo cha mguu wa Chiriku. Alikuwa kijana mtanashati, shati limechomekewa. Mlinzi akazinduka, akamtazama, akafurahi kwa kupata kazi hatimaye. Akamvisha pingu. Pingu zilipwaya, kwa kuwa mkono wa huyu ulikuwa mwembamba. Bi Mvuke aliziona zikicheza. Alikuwa amebeba mashuka hadi kidevuni, na alichofikiria ni kwamba afadhali, amekamatwa. Mlango wa mbavuni ulikuwa umekwama kwa unyevu, basi akaweka mzigo chini, akamfungua mdogo wake kifungo cha blauzi na kuuvuta mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kijana akasema asante. Wakaingia.

Peke yake angehangaika kuutafuta mlango ule. Sasa alisindikizwa. Ndani, kwenye chumba cha wakubwa, alichomoa mikono kwenye pingu, akafunga mlango kwa komeo na kuanza kuzaa, kama ilivyo kawaida ya ukoo wao.

Homa ilipanda siku nne.

"Dada, humu ndani mwangu wamejaa watu," Chiriku alisema. "Wanaongea kuliko mimi."

Siku ya tano homa ikashuka. Bi Mvuke akamshukuru Mungu, akarudi kazini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba siku ile alipiga pasi huku akiimba. Ndugu wa pili huua mtu baada ya homa kushuka. Mchana, kule nyumbani, fizi za Chiriku zilianza kuvuja damu, tumbo likakaza, na jirani akamkimbiza hospitalini. Mapokezini kadi yake iliwekwa chini kabisa ya rundo, kwa kuwa wenye walinzi huhudumiwa mwisho. Alikata roho saa kumi, kwenye benchi. Wakamfunika shuka alilolipiga pasi dada yake asubuhi.

Mlinzi alitoka pingu mkononi, akasema alifuata taratibu. Hakuna aliyembishia. Kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, alirudi kwenye ndoo yake kando ya matangi, na msimamizi, alipokuja kutoa pole, alimhesabu. Walinzi walibaki tisa, watu wakawa kumi. Fomu ilipendeza zaidi.

Msiba ulipokwisha Bi Mvuke aliomba mifuniko mara ya nne. Alijibiwa yaleyale, kwa upole zaidi.

Jumatatu akaletwa msichana wa kusuuza. Walioomba kazi walikuwa wengi, yeye alichukuliwa kwa sababu alikuja na mlinzi wake, wa miaka miwili. Bi Mvuke akamwonyesha bomba, sabuni, na mahali pasipoteleza.

"Wako alimkamata yupi?" akamuuliza.

"Yupi nini, mama?"

"Homa. Ndugu yupi, kati ya wale wanne."

Msichana akamgeukia mlinzi wake, aliyekuwa anapiga miayo.

"Sijui. Kwenye usaili hawakuuliza."

Akakunja mikono ya blauzi, akajipiga kofi kwenye kifundo cha mguu, akaanza kusuuza.