Safu Kumi na Moja Tupu

Asubuhi hiyo ukungu wa Njombe ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na Hulda, karani katika ofisi iliyokuwa ikiandikisha wazee wapate kadi za matibabu, alijiona kama anafanya kazi ndani ya wingu. Aliiagiza kompyuta ihesabu, kwa kila mstari wa kanzidata, safu ngapi zimeachwa tupu. Kila mzee akapata namba yake: sifuri, mbili, moja, tatu. Kisha ikatokea kumi na moja.

Safu zote zilikuwa kumi na mbili. Iliyojazwa ni ya jina tu: Feliciana.

"Wenye zaidi ya sita tunawafuta Ijumaa," alisema Kornelio, mkuu wake.

"Nipe hadi Alhamisi, bosi."

Akaitafuta fomu ya karatasi. Pembeni, kwa penseli hafifu, mtu alikuwa ameandika: Makambako, nyuma ya stesheni. Kesho yake akapanda basi. Mashamba ya chai yalijitokeza katika ule weupe, yakatoweka, naye hakuwa na hakika kama yu macho.

Makambako jua lilikuwa linawaka. Wanawake walioanika mahindi walimwelekeza kwa bibi mwembamba aliyeketi mlangoni akichambua maharage.

"Kamwene, bibi. Nimetoka ofisi ya kadi za matibabu."

"Kamwene, mwanangu. Mmechelewa. Yule mwandishi wa kwanza alikimbia mvua, jina tu ndilo aliloandika."

Hulda akacheka, akatoa kalamu. Mwaka wa kuzaliwa bibi hakuujua, ila reli ilipofika alikuwa ameshaolewa. Mume? Tarsis, marehemu. Watoto?

"Sikujaliwa."

Hulda akataka kuiruka safu hiyo. Bibi akamshika mkono.

"Usiache wazi. Ukiacha wazi watadhani hukuniuliza. Andika hakuna."

Hulda akaandika sifuri, polepole. Treni ya Zambia ikapiga honi ndefu, na kwa muda mji wote ukawa kama umelala.

"Jina nilikuwa nimeshalichagua," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Devota."

Fomu haikuwa na mahali pa jina hilo. Hulda alirudi nalo moyoni.

Alhamisi mstari wa Feliciana ulibaki na pengo moja tu, namba ya simu, na Kornelio akaupitisha. Wiki tatu baadaye Hulda alimpelekea kadi mwenyewe. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, kisha akamvuta mgeni wake ndani. Ugali ulikuwa tayari.